Dereva Mlevi na Haki ya Mpita Njia



Arusi, kipaimara na jubilei zina furaha yake, wala hatuikatai. Lakini ashikaye usukani akiwa amekunywa hahatarishi nafsi yake peke yake. Anauweka rehani uhai wa mwenda kwa miguu na wa mwenye baiskeli, ambao hawakualikwa karamuni wala hawakuonja hata tone.

Pombe huyachelewesha macho na mikono kabla mtu hajajiona amelewa. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Mguu ukichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, mita 8 zimekwisha kupita, na huenda mtoto alikuwa hapo. Kahawa na maji baridi haviondoi pombe mwilini. Ini huifanya kazi hiyo polepole, kwa saa nyingi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi 50. Hata hivyo, kikomo si kibali cha kunywa.

Sisi tunaomimina, na sisi tunaopanda gari hilo tukinyamaza, tu washiriki wa kosa. Basi kila kamati ya sherehe imteue mapema dereva asiyekunywa, na mwenyeji athubutu kuuzuia ufunguo. Heri kumuudhi mgeni leo kuliko kumzika jirani kesho.