Msivunje Majiko ya Shule

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba majiko sanifu ya kuni katika shule za Musoma, Bunda na Butiama yavunjwe, eti yanafuka moshi na kupasuka, amelihukumu jiko kwa makosa ya watunzaji. Lengo lake la nishati safi naliunga mkono: mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini uji wa wanafunzi ni wa kesho asubuhi.

Moshi una sababu. Kuni mbichi, ambazo karibu nusu ya uzito wake ni maji, hula moto kukausha maji hayo kabla sufuria haijapata joto. Zipasuliwe, zipangwe bandani penye upepo kwa miezi kadhaa. Masizi yakiziba bomba, moshi humrudia mpishi, naye hulipa kwa macho na mapafu yake. Na nyufa? Saruji ya kawaida haihimili moto mkali. Chumba cha moto hutaka matofali ya kuchoma na udongo wa mfinyanzi.

Shule itakapopata mtungi mkubwa wa gesi pamoja na fedha ya kuujaza kila muhula, jiko livunjwe. Hadi hapo, kamati ya shule inunue brashi ya bomba.