Banda la Gari: Lipimwe Gari, Isipimwe Fahari

Juma hili tulikusudia kuendelea na habari za bustani ya mboga, lakini barua moja iliyotufikia kutoka Jinja imetulazimu kugeuza safari. Aliyeiandika ni mama wa watoto watano, mke wa sajini mmoja wa jeshi. Mumewe alitumika Somalia, ambako Uganda ilituma kikosi chake cha kwanza mwaka 2007, naye amerejea nyumbani na akiba yake. Kwa akiba hiyo wamenunua kiwanja cha futi 50 kwa 100, wamejenga nyumba ya vyumba viwili vya kulala, na wamepata gari moja la Kijapani lililokwisha kutumika. Sasa fedha iliyobaki ni kidogo, na haja ni mbili. Sajini ataka banda la magari mawili, lenye kuta na mlango wa chuma, lililoungana na nyumba. Mama ataka chumba cha mabinti, ambao hivi sasa hutandika magodoro sebuleni.

“Mimi sikatai gari kujengewa,” asema mama huyo. “Nauliza tu, gari moja lahitaji nafasi kiasi gani?”

Swali hili ni la busara, tena ni la wengi. Twajua askari na polisi kadha wa kadha ambao, baada ya utumishi mrefu, hujenga kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Makosa yao hayafutiki kwa mshahara wa mwezi ujao. Kwa hiyo tutamjibu mama huyu hadharani, ili na wengine wafaidike.

Kwanza tuelewane kwa jina. Watu wetu wakisema gereji, aghalabu hufikiri mahali pa mafundi, penye mafuta meusi na kelele za nyundo. Sisi hapa twazungumzia banda la kulaza gari nyumbani. Kazi yake ni kulikinga gari na jua, mvua na mwizi. Ikiwa banda lafanya kazi hizo tatu bila kumdhuru mtu, limetosha.

Mwandishi wa safu hii alikuwa na jirani, mstaafu wa polisi, aliyejenga banda zuri la tofali. Alilipima kwa hatua za miguu, hatua sita kwa tatu, gari likiwa limefungwa milango. Siku ya uzinduzi gari likaingia barabara, na watu wakapiga makofi. Kisha tukangoja mwenye gari atoke. Mlango ulipofunguliwa ukagonga ukuta, na mzee wa watu akawa hana njia isipokuwa kupitia dirishani. Tangu siku ile gari lililala chini ya mwembe, na banda likawa la kuku. Kuku walinenepa, lakini akiba ya mzee ilikuwa imekwisha. Majuto ni mjukuu.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: chukua futikamba, si hatua. Hatua ya kuruta si sawa na hatua ya sajini, na hatua ya asubuhi si sawa na ya jioni. Tena ulipime gari likiwa na milango wazi na watu wakishuka.

Magari mengi madogo yatokayo Japani hutengenezwa yasivuke mipaka ya daraja lililowekwa na sheria ya kwao, yaani urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2. Tuchukue vipimo hivyo vya juu kabisa. Hapa Uganda usukani uko kulia, kwa hiyo gari likiingia kwa mbele dereva hushukia upande wa kulia. Upande huo mwachie mita moja kamili, ili mama mjamzito au mzee mwenye fimbo ashuke bila kujipinda. Upande wa kushoto acha sentimita 60. Mbele acha sentimita 60 za kupita mtu, na nyuma vivyo hivyo. Ukijumlisha, utapata upana wa mita 3.3 na urefu wa karibu mita 6, ambao kwa lugha ya waashi wetu ni futi 11 kwa 20. Hiyo ni nafasi ya ndani, baada ya kutoa unene wa kuta na nguzo.

Mlango wa kuingilia usipungue mita 2.5 kwa upana, maana upana wa mita 1.7 haukuhesabu vioo vya pembeni. Kimo chake nacho kisipungue mita 2.4, hasa kwa wenye desturi ya kupakia ndizi juu ya paa la gari. Mbele ya banda acheni uwanja wa mita 6 ulionyooka, kwani gari haligeuki kama baiskeli. Mwenye pikapu ya mizigo asitumie vipimo hivi, maana nyingi huzidi mita 5 kwa urefu. Yeye apime ya kwake na kujenga hadi mita 6.5. Mwenye pikipiki huhitaji kama mita 2.5 kwa 1.2 tu. Naye twamsihi asiilaze sebuleni penye watu na taa ya moto, kwa sababu mvuke wa petroli hutoka hata tangi likiwa limefungwa.

Sasa tutazame aina ya banda. Ziko tatu: banda wazi la nguzo na paa, banda la kuta lililojitenga, na banda la kuta lililoungana na nyumba.

Wengi hulidharau banda wazi kana kwamba ni la maskini. Kwa hali ya hewa yetu, dharau hiyo haina msingi. Gari lililorudi na mvua likafungiwa ndani ya kuta zisizo na matundu hukaa na unyevu usiku kucha, na unyevu ndio mama wa kutu. Gari hilohilo likilala chini ya paa penye upepo hukauka upesi. Jua nalo lina dawa yake. Nchi yetu hupitiwa na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua kali la kuchoma ubavu hutoka mashariki asubuhi na magharibi jioni. Elekezeni mlango wa banda kaskazini au kusini, halafu jengeni ukuta mmoja upande wa magharibi. Mtakuwa mmeokoa rangi, raba na viti kwa gharama ya ukuta mmoja badala ya minne.

Banda wazi lina adui wawili, nao ni upepo na mchwa. Upepo wa dhoruba huingia chini ya paa na kulinyanyua, kwa hiyo nguzo zishikwe na zege kwenda chini futi 2 au zaidi, na mbao za paa zifungwe kwa ukanda wa bati na si kwa misumari peke yake. Nguzo za mti zisizikwe udongoni. Zikae juu ya kiguu cha zege, zikishikwa na chuma, la sivyo mchwa watakula akiba yenu kimyakimya. Mkinunua mabati kumbukeni kwamba namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 32.

Banda la kuta lililojitenga humfaa mtu aishiye mahali penye wizi na asiye na ua wala geti. Hilo liachiwe matundu ya hewa chini karibu na sakafu, na mengine juu karibu na paa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini. Kwa sababu hiyohiyo, mama asiingize sigiri bandani siku ya mvua, hata kwa dakika chache.

Sasa twafika penye shabaha ya sajini wetu, yaani banda lililoungana na nyumba. Hapa twaomba Afande atusikilize kama asikilizavyo taarifa ya doria.

Injini inayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kukamata mahali pa oksijeni, tena hung'ang'ania hapo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Hewa hiyo hupita chini ya mlango, hupita juu ya dari, na huingia chumba cha pili bila hodi. Kufungua mlango mkubwa wa banda hakutoshi kuifukuza. Jenereta iliyowashwa bandani usiku umeme ukikatika huleta hatari hiyohiyo, tena kubwa zaidi, kwa kuwa yenyewe hunguruma saa nyingi. Hata sigiri ya makaa iliyofungiwa ndani hutoa sumu hiyo.

Kwa hiyo anayelazimika kuunganisha banda na nyumba na ajenge ukuta wa katikati mpaka ufike kwenye bati, pasiwe na upenyo juu ya dari. Asiweke dirisha wala tundu kati ya banda na chumba. Chumba cha kulala kisipakane nalo. Gari likishawashwa litoke papo hapo, na likiingia lizimwe papo hapo. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha.

Juu ya sakafu, hapana haja ya kuumwaga mfuko wa fedha ardhini. Sakafu nzima ya mita 3.3 kwa 6, yenye unene wa sentimita 10, huhitaji takriban mita 2 za ujazo za zege. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, hiyo ni karibu mifuko 13 ya kilo 50. Lakini gari hukanyaga kwa magurudumu tu. Mkimwaga mistari miwili, kila mmoja upana wa sentimita 60, na katikati mkatandaza changarawe, mifuko 5 yatosha. Ardhi ishindiliwe vizuri kwanza, na sakafu iinamie mlangoni kwa sentimita 6 hadi 10, ili maji ya mvua yasilale ndani.

Tena msisahau mfereji wa bati ukingoni mwa paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 20 za mraba, ikinyesha milimita 10, laweza kuwapa lita 200, ambazo ni jerikeni 10 ambazo watoto hawatazibeba kutoka kisimani.

Kabla ya kuchimba, nendeni kwa ofisi ya serikali ya mtaa mkaombe kibali, kama ilivyoagizwa na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013. Walio kambini wasisimamishe hata nguzo moja bila idhini ya mkuu wao.

Basi tumrudie mama wa Jinja. Mama, banda la magari mawili la mita 6 kwa 6 hula mita 36 za mraba. Gari lenu moja lahitaji 20. Tofauti ni mita 16, nacho chumba cha mabinti cha mita 3 kwa 4 ni 12 tu. Shauri letu ni hili: simamisheni banda wazi la gari moja, litengwe na madirisha ya nyumba, lenye ukuta wa magharibi peke yake. Tofali za kuta zilizobaki na fedha ya mlango wa chuma ziende kwenye chumba cha mabinti. Upande usio na ukuta acheni uwanja mtupu. Mungu akiwajalia gari la pili, mtaongeza nguzo na mabati.

Nawe Afande, mkeo ameandika kwamba umelala muda mrefu nyuma ya magunia ya mchanga, na sasa wataka kuiona mali yako ikilala ndani ya ukuta. Haja hiyo twaielewa na twaiheshimu. Lakini ulinzi wa kwanza ni ua, geti imara, taa na mbwa, ambavyo hulinda gari pamoja na watu. Mabinti wanaolala sebuleni ndio walio karibu zaidi na mlango usiku. Waingizwe ndani kwanza, kisha gari lifuate.

Neno la mwisho ni kwa madereva wote. Kabla ya kurudi nyuma kutoka bandani, shuka ulizunguke gari lako lote, kama ukaguavyo gwaride. Mtoto mdogo haonekani katika kioo.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutarudi bustanini kwetu kuzungumzia sukuma wiki na wadudu wake. Kwaherini.