Dhiki ya Januari Huanza Demani

Kila ufikapo mwezi wa Januari, magazeti yetu hujaa nasaha za kubana matumizi, na watoaji wa nasaha hizo, ambao aghalabu wana kipato kinono kuliko sisi tunaonasihiwa, hutuambia tupunguze sukari katika chai, twende kwa miguu badala ya kupanda bodaboda, na tuzime taa mapema, kana kwamba ufukara wa mwezi ule umeletwa na vijiko viwili vya sukari. Mimi sina ugomvi na sukari wala na taa; ila naona kwamba nasaha hizo, hata zikiwa sahihi, huwasili baada ya jambo lenyewe kwisha kuharibika, kwa kuwa Januari hakuna tena cha kubana. Fedha ya Januari hupotea Novemba na Disemba, na fursa ya kuizuia isipotee hupatikana baina ya Septemba na Oktoba, katika kipindi kile ambacho wazee wa pwani walikiita demani, wakati kusi imekwisha nguvu, bahari imetulia, na mvua za vuli hazijaanza kupiga mapaa.

Wazee hao hawakuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, na pengine ndiyo sababu walijua tadbiri ya nyumba kuliko sisi. Waliuhesabu mwaka wa jua tangu siku ya Nairuzi, wakaugawa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano zilizosalia wakazitia mwishoni; na kwa hesabu hiyo mkulima alijua mwongo wa kupanda, nahodha alijua mwongo wa kutweka tanga, na mama wa nyumba alijua ni lini kaskazi itayaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi pamoja na tende, papa mkavu na mazulia, na ni lini kusi itayarudisha makwao. Aliyehitaji kitu cha kaskazi alikinunua wakati wa kaskazi akakiweka. Sisi tumerithi kalenda ya mshahara, ambayo miezi yake yote husimama sawa katika karatasi, ilhali sokoni na jikoni hakuna miezi miwili iliyo sawa.

Tuchukue nafaka. Mahindi ya Rukwa, Ruvuma, Mbeya na Njombe huvunwa baina ya Mei na Agosti, na kwa desturi bei yake hushuka wakati wa mavuno, ikaanza kupanda taratibu kadiri maghala yanavyopungua, hata kufikia kilele chake Januari na Februari, ambapo chakula cha zamani kinakwisha na kipya kingali shambani. Nyumba yenye watu 6, ikila unga na mchele kilo 2 kwa siku, huhitaji kilo 300 hivi kutoka mwanzo wa Oktoba hadi mwisho wa Februari, yaani magunia 3 ya kilo 100. Najua kwamba si kila mtu anayeweza kununua magunia matatu kwa mkupuo mmoja, wala simwombi afanye hivyo. Lakini majirani wawili wanaoaminiana waweza kushirikiana gunia moja, na hilo moja likawa limewaokoa na wiki kadhaa za bei ya juu. Atakayesema kwamba nafaka haikai nyumbani kwa sababu ya dumuzi, yule mdudu aliyetujia kutoka bara la Amerika na kuanza kuonekana kwetu huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, atakuwa amesema kweli ya zamani: siku hizi iko mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo mdudu akifungiwa ndani yake pamoja na nafaka iliyokauka vizuri, hufa bila dawa yoyote. Sisi Waislamu na Wakristo sote twakijua kisa cha Nabii Yusufu, na twapenda sana kusimulia ndoto ya ng'ombe saba wanono na saba waliokonda; ni mahali pa maghala tu ndipo tunapopita mbio.

Na maji vilevile. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ya bati huleta lita 1 ya maji, kwa hiyo paa la mita 50 za mraba, likinyeshewa mvua moja ya vuli ya milimita 20, hushusha lita 1,000. Na hata tukitoa robo inayomwagika na kupotea, zinabaki lita 750, ambazo ni zaidi ya madumu 37 ya lita 20, yale yale tunayoyanunua kwa mwenye mkokoteni. Lakini mfereji wa bati hutengenezwa jua lingali kali. Anayemtafuta fundi baada ya mvua ya kwanza atamkuta yuko juu ya paa la mwenzake.

Jamaa zetu waliohamia Uingereza wanalijua jambo hili la kujiandaa mapema kwa namna nyingine. Huko, majira haya ya demani ndiyo ya majani kupukutika, na tarehe 1 Oktoba huanza kutumika kikomo kipya cha bei ya gesi na umeme kinachowekwa na mdhibiti wa nishati. Hivyo kila nyumba hukaa kitako na kupiga hesabu ya kupasha vyumba joto kabla baridi haijaingia, maana baridi haina msamaha. Jua letu limetudekeza. Dhiki yetu haiji na theluji, huja na sare za shule.

Tangu Januari 2016 shule za serikali ya Tanzania, za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, hazitozi ada, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo mtoto hawezi kwenda shule akiwa amevaa shukrani, bali atataka sare, viatu, madaftari na begi, na vyote hivyo huhitajiwa wiki moja na nchi nzima. Yule fundi cherehani ambaye Oktoba alikuwa akipiga soga kibarazani, Januari hana hata nafasi ya kukujibu salamu. Juu ya hayo kuna hesabu nyingine ambayo watu wachache huifanya: mshahara wa Disemba, serikalini na katika makampuni mengi, aghalabu hutolewa kabla ya Krismasi, kwa nia njema kabisa, lakini mtu aliyelipwa tarehe 20 Disemba, na ambaye hatalipwa tena mpaka tarehe 25 Januari, ana siku 36 za kuishi kwa fedha ya siku 30, na ndani ya siku hizo mna sikukuu, nauli ya kwenda kijijini na kurudi, na pengine mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita kwa pamoja. Vijana wa Nairobi wameupachika mwezi huo jina la Njaanuari, na jina hilo limevuka mpaka wa Namanga bila kulipa ushuru.

Ikiwa mambo haya yanajulikana mwaka hadi mwaka, kwa nini basi hatuyatadaraki? Watu husema ni ujinga wa kupanga, nami siafiki. Nijuavyo mimi, wanawake wa nyumba zetu ni mahodari wa hesabu kuliko makarani wengi. Kinachowashinda ni namna fedha inavyowafikia. Katika nyumba nyingi baba huamka asubuhi, akaacha mezani noti moja au mbili za matumizi ya siku ile, akaenda zake, na mama hajui ni kiasi gani kilichobaki mfukoni mwa baba, wala hathubutu kuuliza, kwa kuwa kuuliza pato la mume kumehesabiwa kuwa ni utovu wa adabu. Basi anayepewa kila siku hana budi kununua kila siku. Na anayenunua kila siku hununua mafuta ya kupima, sukari ya robo kilo, unga wa nusu, na mkaa wa kopo, vitu ambavyo kipimo kikizidi kuwa kidogo bei yake huzidi kuwa kubwa. Wala mwenye duka halaumiwi, kwa maana naye hupoteza muda na vifuko katika kupimapima. Matokeo yake ni kwamba nyumba yenye kipato cha wastani hujikuta ikinunua kila kitu kwa bei ya fukara, kisha mama akakaripiwa kwa israfu, ilhali hajapata kushika katika mkono wake fedha inayotosha hata debe moja la mahindi. Nasema pasina kigugumizi kwamba bajeti ambayo ndani yake pato la baba ni siri, haifai kuitwa bajeti.

Israfu yenyewe, kama tutaitafuta kwa uadilifu, hatutaiona jikoni. Jikoni kiporo cha wali hugeuzwa kifungua kinywa, na embe mbichi zilizoangushwa na upepo wa vuli hutiwa achari. Israfu iko katika kadi za michango. Miezi ya mwisho wa mwaka ndiyo miezi ya harusi, na harusi moja siku hizi ina kamati, ina vikao, ina kadi ya mtu mmoja na kadi ya watu wawili, na kabla ya harusi kuna kumuaga binti, na kabla ya kumuaga kuna sherehe ya jikoni, na kila moja ina kitenge chake cha sare ambacho hakivaliwi tena. Kuchangia ni wema, na mtu asiyemchangia mwenziwe atakuja kuzikwa na wachache. Sitaki kusomeka kama bahili anayetetea ubahili wake. Lakini mchango ni matumizi kama mchele ulivyo matumizi, na haustahili kutolewa kwa kuona haya. Mwenye busara ataandika demani kiasi chote atakachokitoa kwa sherehe hadi mwaka uishe, na kikimalizika atakwenda kwa mwenye shughuli na mikono yake, akapepete, akapakue, akaoshe sufuria. Zamani hiyo ndiyo iliyokuwa michango.

Mfano ulio wazi kuliko yote ya fedha ya msimu uko kusini, katika mikoa ya Mtwara na Lindi, ambako minada ya korosho hufunguliwa Oktoba na wakulima wakalipwa kwa kupitia vyama vyao vya ushirika chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani. Huko kaya nzima huweza kupokea pato la mwaka mzima katika majuma machache, na wafanyabiashara wa pikipiki, magodoro na redio, ambao kalenda ya korosho wanaijua kama wanavyojua majina ya watoto wao, hupanga bidhaa zao tayari. Sheria hukataza kangomba, yaani ule ununuzi wa korosho kwa bei ya kutupwa nje ya mfumo rasmi. Na mwaka 2018, bei zilipogombaniwa, Rais Magufuli aliamuru korosho zote zinunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kubebwa na jeshi. Lakini jeshi haliwezi kulinda debe la mkulima mwezi wa Julai. Mtu huuza kwa kangomba kwa sababu nyumbani hamna chakula, na hamna chakula kwa sababu ya yaliyofanyika Disemba iliyopita; na anayeiuza korosho ikiwa ingali ua mtini, msimu ufikapo hana chake katika mnada, na mwaka wa pili anaanza palepale. Mijini jambo hilohilo lina sura ya mkopo wa kausha damu, ambao marejesho yake huanza baada ya siku chache na kudaiwa kila wiki au kila siku, na mdai asipolipwa hutoka na televisheni na godoro.

Wanawake wengi wamejitafutia tiba yao wenyewe, nayo ni kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba. Kwa kununua hisa kidogo kidogo kila juma, mama anayepewa noti moja kwa siku huzikusanya noti zake mahali ambapo mkono wa mume, wa shemeji na wa mwenye kadi haufiki, na mwisho wa mzunguko akapata kile ambacho nyumba yake haikuweza kumpa, yaani fedha nzima kwa wakati mmoja. Natoa heshima zangu kwa vikundi hivi, na nina lalamiko moja tu juu yao: vingi huvunjwa Disemba. Mama huweka akiba miezi kumi na mmoja kwa nidhamu ambayo benki zetu zingeionea wivu, kisha hukabidhiwa yote katika mwezi ambao kila kitu ni ghali, kila jamaa ana harusi, na kila mtoto anataka nguo ya sikukuu. Na ifikapo tarehe 5 Januari anarudi kwa mwenye kausha damu kutafuta fedha za viatu vya shule.

Nawaombeni, basi, akina mama wenyeviti, makatibu na watunza hazina wa vikundi hivyo, mtakapokaa kuandika katiba ya mzunguko ujao, mbadilishe kile kifungu cha tarehe ya kuvunja, muiweke tarehe hiyo wiki ya kwanza ya Oktoba, wakati gunia lingali linanunulika na fundi cherehani angali ana nafasi. Nanyi akina baba, siku hiyo waacheni wake zenu waende sokoni peke yao.