Beki Naye Ni Mchezaji

Hapa kwetu Bondeni jioni, mpira ukitua tu, kila mtu ni mshambuliaji. Beki ni yule aliyechelewa kufika. Mimi ndiye huyo, na kuchekwa nimechoka.

Nawauliza: Gor Mahia walipotwaa Kombe la Mandela mwaka 1987, nahodha alikuwa nani? Austin Oduor, yule "Makamu". Beki! Nyinyi mwamtaja Peter Dawo na mabao yake. Sawa, hata mimi nampenda. Lakini pigeni hesabu jamani. Kule Tunis walitoka 2-2 na Esperance, Nairobi 1-1. Gor walishinda kwa mabao ya ugenini tu. Esperance wangalipata bao moja zaidi pale Kasarani, kombe lingalipanda ndege. Sasa nani aliyelizuia bao hilo? Na mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoleta kombe la Afrika.

Hata Beckenbauer, aliyeongoza Ujerumani Magharibi kutwaa Kombe la Dunia 1974, alikuwa beki.

Muhula ujao timu ya kidato chetu itachaguliwa. Majina ya washambuliaji yashajaza karatasi nzima. Mabeki tumejiandikisha wawili.