Mbao mbichi hazishiki rangi

Na Rehema Mwakalinga

Juzi nilipanda ngazi nikabandua rangi ya fishabodi ya nyumba yangu kwa ukucha. Ilitoka kama ganda la ndizi, na chini yake ubao ulikuwa na ukijani uleule wa siku uliposhushwa garini. Nyumba haijamaliza hata mwaka.

Majirani wanamlaumu fundi, eti alichakachua rangi. Hapana. Mbao zilifika Jumatatu, na Alhamisi nilikuwa nimemsimamia nikidai amalize kabla wageni wa harusi hawajafika. Alinionya. Nikamwambia mbao za dawa haziozi.

Haziozi, kweli, lakini zinatoka kiwandani zimelowa. Msonobari wa Mufindi ukishafungiwa kwenye tangi, hewa hunyonywa kwanza, kisha maji yenye dawa, mara nyingi shaba, kromiamu na aseniki, husukumwa kwa shinikizo hadi ndani. Dawa hushikana na nyuzi za mti na kuwazuia mchwa na kuvu. Maji yanabaki, yakitafuta pa kutokea. Ukiyazibia kwa rangi ya mafuta, jua la Kibaha litayatoa pamoja na rangi yako.

Basi zipangwe kivulini, kila safu itengwe kwa fito ili upepo upite, majuma kadhaa. Kisha dondoshea ubao maji: tone likinywewa, mwite fundi; likikaa juu kama umande, mwache aende kazi nyingine. Praima ipite pande zote, hata mgongo usioonekana, kwa kuwa unyevu huingilia hukohuko. Na kila ncha iliyokatwa kwa msumeno ipakwe dawa tena kabla ya praima, maana dawa ya kiwandani mara nyingi haifiki kwenye kiini.

Ncha hizo ndizo zinazoninyima usingizi kuliko rangi. Vipande vinavyodondoka chini ya msumeno huokotwa na kuishia jikoni. Aseniki haiteketei kwa moto. Nyingine hupanda na moshi, nyingine hubaki kwenye majivu ambayo mtoto huyachezea. Marekani, viwanda viliacha kuitumia dawa hiyo kwa mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa 2003. Kwetu bado tunajenga nayo. Basi fundi avae barakoa anapopiga msasa, na mwenye nyumba akusanye vipande vyote mwenyewe, kisha amwambie mama lishe wa jirani waziwazi: dada, hizi si kuni.