Simu Zipumzike Baina ya Magharibi na Isha



Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita, kwa kosa lililotokea ndani ya kampuni yenyewe wakati wa matengenezo ya kawaida. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa jioni, na ziliporudi wengi tulikuwa tumeshalala. Jioni ile tulipumzishwa bila ya kuulizwa. Je, tunaweza kupumzika kwa hiari yetu, tena kwa muda mfupi tu?

Wapo wasemao kuwa mwenye azma huiweka simu chini wakati wowote apendao. Hatukubaliani nao, kwani vitu hivi vimetengenezwa ili visiwekwe chini. Zamani ukurasa wa mtandao ulikuwa na mwisho: ukifika chini, unaamua kuendelea au kuondoka. Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin alibuni ukurasa usiokwisha, unaojijaza wenyewe kila kidole kinapoteleza, na baadaye yeye mwenyewe alieleza hadharani majuto yake. Basi ikiwa ndani ya simu hamna mwisho, sisi ndio wa kuuweka.

Na wakati wa kuuweka tunao. Baina ya Magharibi na Isha ni kama saa moja na robo, na adhana ndiyo kengele yake. Watu wamerudi nyumbani, chakula kinaandaliwa, watoto wana kazi za shule na juzuu za kudurusu. Huo ndio wakati ambao mtoto humweleza mamake yaliyompata mchana, lakini siku hizi kila mtu kajiinamia kwenye kona yake.

Pendekezo letu ni hili: ikiadhiniwa Magharibi, simu zote za nyumba ziwekwe pamoja kabatini hadi Isha. Tunasema zote, ya baba anayengoja habari za biashara na ya mama mwenye kikundi cha upatu. Mwenye mgonjwa au msafiri aache mlio wa kupigiwa tu. Mwanafunzi anayehitaji intaneti kwa masomo aitumie kabla au baada.

Wazazi tutangulie sisi. Mtoto anayemsemesha babake mara tatu akajibiwa "enhe" bila ya kutazamwa, mara ya nne hasemi tena. Siku akipatwa na jambo zito, atamweleza nani? Atawaeleza watu wa mtandaoni asiowajua, nasi tutakuwa wa mwisho kupata habari.

Hatuombi mwezi mzima. Dini yetu imetufunza kuwa amali ndogo yenye kudumu inapendeza zaidi kuliko kubwa yenye kukatika. Tujaribu siku saba, kisha kila familia ijipime yenyewe.

Wabillahi tawfiq.