Plagi za hita zing'olewe, bomba litoke nje

Fundi bomba anayeziba valvu ya usalama ya hita ya maji hastahili kuitwa fundi. Mwenye nyumba aliyemlipa aizibe hana utetezi. Tunalisema hili kwa Ilala nzima, kuanzia ghorofa za Upanga hadi gesti za Kariakoo, ambako hita zinazidi kuning'inizwa bafuni na hakuna anayeuliza maji yake ya ziada yanatokea wapi.

Tazama chini ya hita, pale maji baridi yanapoingilia. Kuna kipande cha shaba chenye kidomo kinachoelekea chini: hiyo ndiyo valvu ya usalama. Mgandamizo ndani ya tangi ukizidi, kwa valvu nyingi kati ya bar 6 na 8, kidomo hicho hufunguka na kutema maji. Lita 100 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa lita moja na nusu hivi, na kwa kuwa valvu hiyo hiyo huyazuia maji yasirudi yalikotoka, ziada hudondoka tone kwa tone. Ndivyo ilivyoundwa. Lakini mpangaji anaona sakafu imelowa, analalamika kwamba hita inavuja, fundi anaitwa. Anazungusha tepu nyeupe kwenye plagi, anaikaza kwenye kidomo kwa spana, anapokea hela yake na kuondoka. Sakafu imekauka, na tangi halina tena pa kupumulia.

Siku themostati itakapogoma kukata umeme, maji hayatachemka kwenye nyuzi 100 kama ya sufuriani. Kwa mgandamizo wa bar 7 yanaweza kukaribia nyuzi 170 yakiwa bado maji. Tangi likipasuka, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,000 ya ile ya maji. Tarehe 19 Januari 1982, katika shule ya msingi ya Star, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, tangi la maji moto lililipuka na kuua watoto 6 na mwalimu mmoja. Vidhibiti vya usalama vya tangi hilo havikuwa vikifanya kazi. Hilo halikuwa boila la kiwandani, ni hita ya kawaida ya jengo.

Kung'oa plagi peke yake hakutoshi. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde kama tano, na yatokayo kwenye valvu yanaweza kuwa ya moto kuliko hayo. Kuyaacha yamwagike juu ya kichwa cha anayeoga ni uzembe. Kutoboa ukuta na kuacha bomba likichungulia juu ya barabara ni uzembe ule ule uliohamishiwa kwa wengine: Kariakoo kuta zimegusana, na chini ya kila ukuta kuna mmachinga na meza yake.

Bomba la kutolea maji ya valvu lishushwe hadi karibu na ardhi, juu ya mfereji, mbali na njia ya watu. Liwe la chuma au shaba, maana plastiki ya kijivu hulegea kwa joto hilo. Literemke mwanzo hadi mwisho, lisipunguzwe unene, lisiwekewe koki popote. Mdomo wake uonekane, ili maji yakianza kutoka mfululizo mtu ajue hita ina tatizo. Kwenye ghorofa, mabomba ya kila bafu yaangukie kwenye faneli zilizo wazi za bomba moja nene linaloshuka chini. Wenye nyumba watalia gharama. Kwa kodi wanayotoza kwa fremu moja ya Kariakoo, kilio hicho hatukisikii.

Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) una sheria tangu 2003 na hukagua maboila na matangi ya mgandamizo mahali pa kazi. Gesti yenye mhudumu anayelipwa mshahara ni mahali pa kazi. Hatuoni sababu ya ukaguzi kuishia kwenye mageti ya viwanda. Nyumba za kuishi ni mzigo wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, inayotoa vibali vya ujenzi Ilala. Baada ya jengo kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Nguzo zina haki ya kutazamwa kwanza. Ila mkaguzi aliyekwisha kupanda ngazi hadi ghorofa ya sita hapungukiwi kitu akiingia bafuni na kuinua macho.

Halmashauri isiruhusu jengo jipya kukaliwa kabla mkaguzi hajaona mdomo wa bomba la hita ulipo nje. Kwa majengo ya zamani, gesti zitangulie: leseni ya biashara isihuishwe mahali palipokutwa plagi.